Kokoto la Majimaji

Mama yake Bibi Advera alimfundisha kwamba mtoto wa mtu hahesabiwi kwa kidole. Ukimnyooshea ukasema "wa saba," umeyapa mauti namba yake. Basi alipoanza kuwagawia vifaa vya usafi watoto wanaolala nyuma ya stesheni ya Tabora, hakuhesabu vichwa. Aliweka beseni la bati chini, kila mtoto akifika anatia kokoto moja. Makokoto ndiyo yaliyohesabiwa, na vifurushi vikafungwa kwa idadi yake: kipande cha sabuni, mswaki, chanuo, na kwa wasichana wakubwa pedi na chupi mbili.

Sabuni ilitoka dukani kwa Kurban, miche mizima, na aliyeikata kwa waya wa breki ni Mayala, fundi baiskeli wa pale kona. Mayala huapa kwamba aliwahi kuziba pancha ya treni. Ukimuuliza treni ina pancha gani, anakujibu ndiyo maana ilichelewa.

Jumamosi ya kwanza makokoto yalikuwa ishirini na mawili. Watoto wakapita, kila mmoja akachukua chake, kikabaki kifurushi kimoja.

"Kuna mjanja katia mawili," alisema Advera.

"Akatia mawili, akachukua kimoja? Huyo mjanja wako kasomea wapi, Matroni?" aliuliza Mayala, akimwita kwa cheo chake cha zamani.

Jumamosi ya pili Advera alisimama juu ya beseni kama askari wa geti, kila kokoto likaingia mbele ya macho yake. Kifurushi kikabaki tena. Akayamwaga makokoto chini. Moja lilikuwa na majimaji, limeshika tope jekundu, baridi kama limetolewa mtungini. Nao ulikuwa mwezi wa nane. Tabora ilikuwa imesahau mvua.

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Unaumwa?" aliuliza Mayala.

"Namjua mwenye kokoto hili."

Ndipo akasema lile ambalo hakuwa amemwambia hata padri. Miaka thelathini nyuma alikuwa matroni wa shule moja ya bweni. Sheria ilikuwa kila mtoto arudi kutoka likizo na miche miwili ya sabuni. Akaja Suzana, binti wa miaka tisa kutoka Ulyankulu, mikono mitupu, miguu imejaa tope. Advera alimsimamisha getini. Rudi ukalete sabuni, ndipo uingie. Mtoto akasema, "Shikamoo, Matroni," kana kwamba ndiyo kwanza anafika, akageuka akaishika ile barabara ya zamani ya misafara, mvua inanyesha na kijito kimefurika. Nyumbani walijua yuko shule, shule ikajua yuko nyumbani. Walipokuja kuulizana, Advera alisema hakumwona.

Mayala alikuwa na mzaha kwa kila jambo, hata msibani. Safari hii alikunja waya wake wa breki akautia mfukoni.

"Kifurushi chake kipo," alisema hatimaye. "Mpelekee, dada yangu."

Walipanda bajaji mpaka kwenye kijito, jua likiwa bado kali. Kijito kilikuwa mchanga mtupu. Advera aliweka beseni katikati, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akayapoza kwa ya dumu. Akaweka sabuni ukingoni.

"Suzana," alisema. "Nilikuona. Nilikuona getini nikasema sikukuona. Njoo uoge, mwanangu. Sabuni ninayo mimi."

Wakaenda kungoja kwenye bajaji, wamegeuza migongo, kwa kuwa binti anayeoga hatazamwi. Upepo haukuvuma. Waliporudi, maji yalikuwa mekundu mazito, na sabuni imelika, imebaki nyembamba kama jani.

Wiki nzima Advera alilala usingizi wa mtoto mchanga. Jumamosi alifika stesheni na uso mkunjufu, akijua sasa hesabu itakaa sawa. Watoto walitia makokoto yao, ishirini na matatu. Akamwaga beseni.

Makokoto hayakuisha kutoka. Yalibingirika mpaka miguuni kwa Mayala, yote yana majimaji, mengine yana tope, mengine yana majivu, mengine yamezungukwa na alama nyekundu ya kutu kama ya mnyororo.

Mayala aliyatazama, kisha akaitazama barabara ya magharibi, ile iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa, na ambayo mtoto aliyeshindwa mwendo aliachwa pembeni.

"Umempa mmoja," alisema taratibu. "Kaenda kuwaambia wenzake."

Mdomo wa Advera ulishawahi kumfukuza mtoto mmoja kwa ajili ya sabuni, na hakuwa tayari kuusikia ukisema tena kwamba hakuna.

"Fundi," alisema, "toa huo waya. Vipande tuvikate vidogo."