Tanuri Bila Magogo

Rovina Tiolam alikuwa na mkono usiodanganyika. Miaka kumi na sita alipanga mbao kwa madaraja ya ubora katika kiwanda cha wageni nje ya mji wa Kokopo, na mwishowe hakuhitaji tena mizani. Akinyanyua kipande cha balsa, ule mti mwepesi kuliko mingine, alikutajia uzito wake, na kama kimekauka kweli au kinajifanya kimekauka. Kiwanda kilipofungwa na wenyewe kurudi kwao, naye alirudi kijijini na kiinua mgongo chake, akakuta mashamba yamegeuka msitu. Mdudu alikuwa amemaliza kakao, na watu walikuwa wamepanda balsa kila palipobaki nafasi.

Balsa hukua upesi kama uyoga, lakini haina subira. Mwaka wa tano ni mali. Mwaka wa saba moyo wake umeshakuwa mwekundu, umelowa maji, hata kwa kuni haufai. Na miti ya kijijini ilikuwa inaingia mwaka wa tano.

"Tukiuza magogo tunauza maji," aliwaambia wakulima thelathini na wanane waliokusanyika uani mwa kanisa. "Tukipasua na kukausha wenyewe, tunauza mbao. Bei yake ni mara nne."

"Na tanuri la kukaushia litatoka wapi?" akauliza mama yake mdogo, Ludia, mwenye shamba kubwa kuliko wote.

"Benki."

Watu wakacheka, si kwa ubaya.

Ofisa wa mikopo pale mjini alikuwa mwanamke wa pwani ya kusini, jina lake Geua, mtu wa maneno machache. Alisoma karatasi za Rovina ukurasa kwa ukurasa, kisha akavua miwani.

"Ardhi hii ya nani?"

"Ya ukoo. Upande wa mama yangu."

"Basi siwezi kuishika rehani. Ukishindwa kulipa, nimuuzie nani kaburi la bibi yako?"

"Sikuombi ushike ardhi, dada. Shika tanuri, shika msumeno, shika mkataba."

Mkataba aliupata kwa wanunuzi wa zamani wa kile kiwanda, waunda mapanga ya mitambo ya upepo huko ng'ambo. Walikuwa tayari kununua mbao zake kontena kwa kontena, mradi ziwe kavu. Geua alikuja mwenyewe kijijini, akatembea mashambani na viatu vya mjini mpaka vikaharibika, akahesabu miti. Ilichukua miezi minne. Mwishowe benki ikakubali kutoa sehemu nne kwa tano za gharama. Sehemu ya tano atoe Rovina, na hiyo ikawa kiinua mgongo chake chote.

Siku ya kutia sahihi Geua alimwuliza jambo moja. "Mbao zinakaa tanurini, zinakaa bandarini, zinakaa baharini. Mkulima utamlipa nini wakati huo?"

"Watanisubiri. Ni ndugu zangu."

Geua akamsogezea kalamu.

Tanuri lilijengwa, refu, la bati jeupe, likichochewa na mabaki ya mbao zenyewe. Wiki ya kwanza magogo yalikuja mpaka yakaziba njia. Wiki ya pili yakapungua. Wiki ya tatu msumeno ulianza saa mbili asubuhi, na kabla ya saa nne hakukuwa na cha kupasua. Vijana wa kazi wakaketi kivulini wakitafuna popoo na tambuu.

Rovina akashika njia kwenda shambani kwa Ludia. Hakufika. Barabarani alikuta lori la Koniel, mchuuzi wa magogo kutoka ng'ambo ya ghuba, limepakiwa nusu. Ludia mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, noti za kina, fedha ya serikali, mkononi.

"Mama mdogo, hayo si magogo yangu?"

"Yalikuwa yako. Wiki tatu nimeona kina zako ngapi?"

"Koniel anakulipa robo ya bei yangu."

"Robo ninayoishika. Yako naisikia tu. Mwenye shule ya mwanangu hataki kusikia, anataka kushika."

Koniel, aliyekuwa juu ya lori, akacheka. "Dada Rovina, usinune. Tanuri lako zuri sana. Ukikosa cha kukausha, anika hata nguo."

Rovina akageuza njia. Alirudi akapitia mbele ya tanuri bila kulitazama. Kilichomuuma zaidi si kejeli ya Koniel. Ni kwamba Ludia alisema kweli. Aliomba fedha za mitambo akasahau za watu. Alirudi benki, na Geua akamwambia waziwazi kwamba mkopo wa pili hauwezi kutoka kabla ule wa kwanza haujaanza kulipwa.

Mkuu wa ukoo alikuwa mjomba wake, Turagil, mzee wa miaka sabini na tano ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote wa balsa kwa sababu, alisema, hawezi kuheshimu mti anaoweza kuubeba mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa akamwita Rovina nyumbani kwake.

"Nasikia una tanuri lenye njaa."

"Ndiyo, mjomba."

"Wakulima wanataka malipo mkononi. Lazima yawe ya karatasi?"

Rovina alielewa, akaogopa. Ndani kwa Turagil zilining'inia duara sita za simbi zilizotungwa kambani, fedha ya mababu, kila moja pana kama gurudumu la gari, zimefungwa kwa majani makavu. Ni akiba ya maisha yake, ya kukatwa na kugawiwa siku ya maziko yake, ili watu wajue aliyekufa alikuwa nani. Simbi hizo zilinunua chakula sokoni, zililipa mahari na faini, na hakuna aliyezikataa. Lakini mtu hafungui duara zake angali hai.

Ludia alikuja mbio aliposikia. "Kaka, umechanganyikiwa? Ukifa kesho tutakata nini?"

"Nikifa kesho sitakuwepo kuona aibu. Mtaiona nyinyi."

"Si mzaha."

"Sifanyi mzaha. Hiyo miti nayo ikifa shambani, wajukuu watakula nini, jina langu?"

Wakafungua duara tatu. Bei ikawa pima ishirini za simbi kwa kila mita ya ujazo, na yeyote atakayetaka kina atazirudisha simbi mbao zikilipwa. Rovina alipima mwenyewe, mikono imenyooshwa, kutwa nzima, mpaka mabega yakawaka. Magogo yakarudi. Ludia alileta yake wa mwisho, akapokea simbi zake akazihesabu mara mbili.

Kontena la kwanza liliondoka mwezi uliofuata. Fedha ziliingia wiki ya kumi na moja tangu magogo yaliporudi. Rovina akalipa benki fungu la kwanza, akalipa vijana, akatangaza kwamba wenye simbi waje wachukue kina zao.

Walikuja ishirini na wawili. Waliobaki walisema wamependa kubaki nazo: huyu ana arusi, yule ana msiba, mwingine alitaka tu kuzitazama. Duara za Turagil zikapungukiwa na pima mia tatu na zaidi. Rovina alimpelekea thamani yake kwa kina, ndani ya bahasha.

Mzee aliisukuma bahasha. "Hiki hakikatwi msibani. Nilikupa simbi, nirudishie simbi."

"Zitachukua muda, mjomba."

"Basi nitajitahidi nisife."

Ludia, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi Rovina huenda sokoni, hununua simbi kwa wanawake wauza mboga, pima tano, pima nane, huku wakimpandishia bei kwa kuwa wanajua shida yake. Mkopo wa kulipia magogo aliupata mwaka wa pili. Simbi za mjomba bado hajazimaliza.