Misonobari Penye Migomba

...na hiyo misonobari imetoka wapi, anajiuliza Généreuse, mikono yake kwenye vishikio vya kiti cha magurudumu alichokalia mzee, macho juu ya vichwa vya watu, kwenye picha kubwa ukutani, nani kaipanda pale, pale ni nyuma ya nyumba, pale ni migomba, alimwambia mzee huyu si mara moja si mara mbili, Papa Lothar, migomba iko nyuma, na njia ya kisimani inapinda kabla ya kuifikia, naye akifuta, akipaka upya, akiuliza, hivi? na yeye akijibu, hivyo hasa... mbele kule binti wa mzee ameshika kipaza sauti, anasoma maisha ya baba yake, ...akafika Louisville mtoto mdogo kutoka Ujerumani, alipokua, akawa anaamka alfajiri kuchora ukungu wa Mto Ohio... wageni wanaitikia kwa vichwa, ukumbi wote wa maonyesho hapa Kenmore unamsikiliza, na ni kweli, hayo Généreuse anayajua kuliko wote, mzee alimsimulia yeye mtunzaji wake kila alipomwogesha, ya Louisville, na ya Columbus alikofundisha shule na kuchora mashamba ya mahindi hadi akaichoka nchi isiyo na mlima, na ya Buffalo alikofuata ziwa na theluji, maisha mazima nimechora kwa watu, alisema, kwetu Ujerumani hapakunijia mkononi hata siku moja, nilitoka nikiwa mdogo mno, nikijaribu naona ukungu tu, basi nipe kwenu, wewe unapaona... na yeye akampa, mjinga yeye, akampa kila kitu, maana kwao mtu unayemwogesha na kumvisha nguo ni mzazi wako, na mzazi hatiliwi shaka, hakuna kumwambia mzazi weka sahihi hapa, na mzee mwenyewe alisema, picha hii ni yako, Généreuse, maonyesho yakiisha unaichukua, naye kule nyumbani kwake Cheektowaga akawa ameshahamisha televisheni kuipisha picha ukutani, akampigia simu mdogo wake Mushagalusa, njoo uone kwetu... ...miaka ya Columbus ilimfundisha subira, anasema binti... subira gani, Mushagalusa ndiye mwenye subira, ameomba ruhusa ghalani anakofanya kazi Louisville, akapanda basi, akabadilisha Columbus, amefika asubuhi na koti alilowahi kuvaa kwenye harusi ya mtu, huyu hapa ubavuni, ananusa manukato ya wazungu na kukodoa macho ukutani, kwa sababu yeye hakuona kitu, siku ile ya kukimbia vita kijijini kwao Walungu alikuwa mgongoni mwa dada yake, uso umebanwa begani, nyumba ikaungua na hakuna aliyewahi kuipiga picha, anachokijua cha kwao ni mdomo wa Généreuse tu, dada huyu alichimba mwenyewe kwa jembe la mama, chini ya mgomba wa nyuma, kitovu cha huyu mdogo wake kikazikwa pale, na mama akisema, mukumbuke fasi hii, hapa hapa, mutamwonyesha akikua...

“Yaya,” Mushagalusa anamnong'oneza dada yake, “donc, basi nyumba yetu iko wapi? Sioni hata mugomba moja.”

...subiri, anamwambia kwa mkono, subiri, na binti anainua sauti, ...na hii ndiyo kazi yake ya mwisho, vilima vya utotoni mwake kule Ujerumani, alivyovibeba moyoni miaka yote... makofi, vilima vya nani, Bwana Yesu, mteremko ule ni wa Walungu, lile ni wingu la mvua ya kwetu, njia inapinda palepale, ila nyumba imekuwa kanisa dogo lenye mnara, na migomba imekuwa misonobari, alifanya lini, ni yale majuma mtoto wa Généreuse alipougua homa, naye akabaki nyumbani kumuuguza, ndipo, mlinzi hayupo mwizi kaingia, tena mwizi uliyemfunga vifungo vya shati asubuhi, kikulacho ki nguoni mwako... labda uzee, labda amesahau, anataka sana iwe amesahau, lakini mzee anageuza shingo kitini, macho yao yanakutana, mzee anayainamisha yake, na aliyesahau hainamishi macho... inauma kumpa mtu kwenu akapageuza kwake, na watu wanapiga makofi... haya, achukue, achukue rangi yake na turubai lake, mlima hauko ukutani, mlima uko kichwani mwangu, nitamsimulia Mushagalusa kama siku zote, hakuna atakayepaka juu ya hapo, anainama sikioni kwa mdogo wake, “Sikia, Musha, nyumba ilikuwa...” anafumba macho, njia inapanda, inapinda, na baada ya kona kuna kanisa, hapana, anarudi chini, anapanda tena polepole, kona, mnara, misonobari imesimama mistari, hapana, nyumba, mlango wake ulitazama wapi, kushoto mzee alipochora kwanza au kulia alipofuta akapaka upya, hivi? hivyo hasa, yeye alijibu hivyo mara zote mbili, na mgomba, ule mgomba mmoja, upande gani wa ua, anapapasa, mkononi anausikia mpini wa jembe la mama lakini chini hakuna ardhi, kuna rangi tu, kijani, kisha kijani kingine juu yake... binti anamshukuru kila aliyefika, makofi hayajaisha, vishikio vya kiti bado viko mikononi mwake, na Mushagalusa ameinamisha sikio.

“Bon, haya, ilikuwa fasi gani?”

“Ngoja,” anamwambia. “Ngoja kwanza nione.”