Nne ya Nyumbani

Ubao wa magoli wa uwanja wetu una misumari miwili mikubwa, mmoja chini ya neno WENYEJI, mwingine chini ya neno WAGENI. Kazi yangu ni kupanda ngazi na kutundika bati lenye namba kila goli likiingia. Ukitaka kuijua timu yetu usimuulize mtu, tazama mabati. Ya wageni yamechubuka. Lile la moja limepinda, lile la tatu nimelipaka rangi mara mbili msimu huu. Ya kwetu yanang'aa kama yametoka dukani jana, isipokuwa sifuri. Sifuri yetu imechakaa kama sufuria ya hotelini.

Mashabiki wananiita Mzee Ngazi. Sikasiriki. Jina la kazi si tusi.

Shule nilisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, maana baba alikuwa fundi wa kuhamahama na mimi nikarithi miguu yake. Nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimechomelea mageti, nimeandika maandishi kwenye milango ya malori na vioo vya maduka katika miji ambayo mingine nimeisahau majina. Kazi nimeacha kumi na mbili. Wake wawili waliniacha mimi, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Kitu ambacho sikukiacha ni timu. Nikifika mji mgeni, kabla sijatafuta pa kulala nilikuwa natafuta mwenye redio. Miaka arobaini na mitatu. Katika miaka hiyo tumechukua kombe moja, na siku hiyo nilikuwa nimekwama porini kwenye lori bovu, redio haishiki.

Tunavaa jezi za rangi ya damu ya mzee. Watani wetu wanasema ndiyo maana tunakimbia hivyo.

Msimu huu tulicheza mechi kumi na nne bila kushinda hata moja. Shabiki wa timu mbovu ni kama mganga asiye na dawa: kila ugonjwa anaujua, kuponya hawezi. Beki wetu wa kushoto ni fundi cherehani, wiki nzima amekaa kitako, Jumamosi ndiyo unamwomba akimbie. Kipa wetu ni mwashi. Anajenga kuta za watu siku sita, ya saba ukuta wake mwenyewe unabomolewa mbele ya umati. Tunamwita Mlango. Siku mbaya tunaongeza: Wazi.

Baada ya mechi ya kumi na nne niliingia jikoni kwa dada yangu, nikatupa kofia mezani. Naishi kwake tangu niliporudi, miaka saba sasa. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, mjane, na ukuta wa uwanja ndio ukuta wa ua wake. Hajawahi kuingia kutazama mechi. Husema, "Makelele yenu nayapata bure, nikalipie nini?"

Nikamwambia, "Dada, imebaki mechi moja. Tukishuka daraja, naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Dereva wa lori amenitafutia kazi ya kuandika vibao, mji wa mbali huko. Jumapili asubuhi anapita. Mfuko nimeshafunga."

Aliendelea kukata vitunguu. "Wewe umeacha kila kitu katika dunia hii, mdogo wangu. Nilidhani hiki kimoja utazikwa nacho."

"Hiki ndicho kinachonizika kabla ya siku zangu."

"Haya, nenda. Pipa la maji nitajaza mwenyewe."

Alilisema hilo la pipa bila kugeuka. Nikatoka nje, nikalijaza pipa mpaka juu, nikalifunika, nikaweka jiwe juu ya mfuniko. Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuwa vinara wa ligi, na sisi tulihitaji sare tu tubaki. Sare. Nilivyo mjinga niliamka na matumaini, kama kila wiki.

Dakika ya ishirini na tano tulikuwa tumefungwa matatu. Nilipanda ngazi mara tatu, goti linalia, na mara zote upande wa wageni. Kinyozi wa mtaani kwetu hukaa chini ya ubao miaka yote, na mdomo wake ni mkali kuliko wembe wake.

"Mzee Ngazi," akaniambia, "kaa huko huko juu. Kupanda na kushuka kutakuua."

"Tazama mpira wako."

"Mpira gani? Mimi naona mazishi."

Nikakaa kwenye kipandio cha tatu, nikaanza kuwaza lori. Nilikuwa nimeshafika barabarani katika mawazo yangu ndipo tukapata kona. Fundi cherehani, yule wa kukaa kitako, akaruka juu ya watu wote akapiga kichwa. Goli. Uwanja ulichelewa kushangilia, watu walikuwa wanatazamana kwanza. Nikaitoa sifuri, nikaweka moja.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyekwenda kununua soda. Waliporudi uwanjani nikaona kitu ambacho sikukiona msimu mzima: vijana wetu wanafokeana wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa pasi. Timu iliyokata tamaa haigombani. Dakika ya hamsini na tano, mbili. Dakika ya sitini na tatu, mbili yetu ikawa tatu, na nilipochukua lile bati letu la tatu ilibidi kwanza nilifute utando wa buibui. Wageni wakaongeza la nne. Halafu, dakika ya themanini, winga wetu, mwuza magazeti ambaye hukimbia na mpira kama anakimbizwa na askari, akawapita wawili, akaanguka, akaamka, akaupiga na ncha ya kiatu. Nyavu zikatikisika.

Nne kwa nne.

Nikainama kwenye sanduku la mabati. Nne yetu haikuwemo. Nikapapasa pembeni, nikapapasa chini. Ndipo nilipokumbuka.

Miaka saba nyuma, wiki niliyorudi, mfuniko wa pipa la dada ulikuwa umeoza. Nikachukua bati letu la nne nikalifunikia pipa. Sikuona dhambi. Timu haikuwa imefunga manne tangu jezi zikiwa za pamba. La tano na la sita mabwana wa klabu walishazibia paa la kibanda cha tiketi muda mrefu, na hakuna aliyeuliza.

"Mzee Ngazi, weka nne," kinyozi akasema.

"Haipo."

"Haipo vipi?"

"Iko nyumbani kwa dada. Imefunika pipa."

Alinitazama. Akamgeukia jirani yake, akamwambia. Jirani akamwambia mwingine. Nikaona habari inavyotembea jukwaani safu kwa safu, na nyuma yake kicheko. Si kicheko cha kunidhihaki, nakijua kile. Hiki kilikuwa cha watu wanaojijua. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. Maana ni timu gani nyingine duniani ingefunikia maji namba yake ya nne?

Ubao ukabaki umeandika tatu, na mimi juu ya ngazi kama mwizi aliyeshikwa dirishani.

Dakika tatu hazikupita, mlango mdogo wa pembeni ukafunguliwa. Dada yangu akaingia na ndala za jikoni, bati kichwani, linadondosha maji. Mlinzi alisogea tu. Akaja moja kwa moja mpaka chini ya ngazi.

"Nimesikia mara nne," akasema, akihema. "Ya kwanza nilidhani mtu ameumia. Ya pili nikazima jiko. Ya tatu nikasimama ukutani. Hii ya nne nikasema, huyu hana kitu cha kutundika."

"Dada…"

"Chukua, shingo inaniuma."

Nikalichukua. Katikati lilikuwa na alama ya duara ya kutu, pale jiwe lilipokaa miaka saba. Nikalitundika. Kelele iliyotoka jukwaani sijawahi kuisikia katika redio yoyote ya mji wowote. Mlango, kule golini, aligeuka akatazama ubao, akainua glavu zake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini dakika ya themanini na tisa wageni walipata faulo. Mpiga wao akaukunja mpira juu ya ukuta wa watu, Mlango akaruka akaugusa kwa vidole, ukagonga mwamba, ukaingia. Nikatundika tano ya wageni. Filimbi ikalia. Tumeshuka daraja.

Desturi yangu ni kushusha mabati haraka sana tukifungwa, watu wasiyapige picha. Nilikuwa nimeshashika tano ya wageni ndipo nikasikia sauti chini.

"Usitoe kwanza, mzee."

Alikuwa Mlango, uso wote tope. Akasimama chini ya ubao, mikono kiunoni, anaisoma kama barua. Wenzake wakaja nyuma yake mmoja mmoja. Hakuna shabiki aliyeondoka. Walianza kupiga makofi kutoka upande wa jua, yakazunguka yakafika kwetu, na nahodha wa wageni akaja akamshika mkono fundi cherehani kwa mikono yake miwili.

"Niliugusa ule," Mlango akaniambia.

"Nimeona umeugusa."

"Kucha tu zimepungua."

"Usizikate tena," kinyozi akamwambia.

Dada alikuwa bado ameshika ngazi yangu. "Kwa hiyo mmefungwa?"

"Tumefungwa."

"Na mmeshuka."

"Tumeshuka."

"Sasa mbona mnapiga makofi?"

Nikamwonyesha ubao. Akautazama muda mrefu, ile nne yake yenye alama ya jiwe. Halafu naye akapiga makofi, taratibu, kama mtu anayekung'uta unga.

Jumapili asubuhi lori likasimama mbele ya nyumba. Dereva akapiga honi mara mbili, akaona kimya, akaingia mpaka uani. Akanikuta nimechuchumaa na kopo la rangi, vipande vya bati vimetandazwa chini.

"Mzee, twende. Jua linapanda."

"Sina nafasi."

"Si uliniambia mkishuka unaondoka? Nimesikia mmeshuka."

"Tumeshuka," nikasema. Na nilishangaa nilivyolisema neno hilo na kifua mbele. "Nimeondoka mahali pengi kwa aibu, ndugu yangu. Sijui kuondoka mahali ninapopaonea fahari. Halafu huko ligi ya chini wanafungana magoli mengi. Hapa nina tano, sita na saba za kuandika, na zote za wenyeji."

"Na mfuko wako?"

Dada akajibu kutoka jikoni, "Mfuko niliufungua jana. Nguo zake ziko kwenye kamba, bado mbichi."

Dereva akacheka, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikachovya brashi. Nilikuwa nimefika kwenye tumbo la tano ndipo dada alipotoka na ndoo, akasimama mbele ya pipa lililo wazi.

"Lile bati litarudi hapa lini?"

"Halirudi."

"Basi ukimaliza hizo tano zako," akasema, "nitafutie mfuniko."