Paka Aliyekula Ng'ambo ya Ua

Nyumba ya Kemuma ilikuwa ya mwisho katika laini, safu ya nyumba za wachuma chai, namba ishirini na nne. Baada yake ulikuja ua wa miti iliyopogolewa mpaka ikashonana kama mkeka, na hapo ndipo mali ya kampuni ilipoishia. Ng'ambo ya ua lilianza shamba la Cherotich: ekari moja ya chai changa, mahindi kidogo, ng'ombe watatu na ndama mmoja mtundu.

Wanawake hawa wawili walijuana kwa vitendawili kabla ya kujuana kwa sura. Kemuma alihamia namba ishirini na nne mwaka wa pili baada ya Uhuru. Jioni moja alikuwa akisugua sufuria pale uani, akasikia mama mmoja ng'ambo akiwatega watoto wake: nyumba yangu ina nguzo moja tu. Watoto wakataja hiki, wakataja kile, wote wamekosa. Kemuma akajizuia, akajizuia, mwisho likamtoka: "Ni uyoga!"

Kisha sauti ikauliza kutoka kwenye majani, "Nani huyo anayetuibia mji wetu?"

Tangu siku hiyo, jioni haikupita bila kutegana. Kemuma alimwita mwenzake Mama Kipkemboi, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, naye Cherotich akamwita Mama Nyakundi. Anayeshindwa hutoa mji, ndiyo sheria ya kitendawili, basi katika miaka sita Kemuma alikuwa amejipatia Kericho, Ndanai na Boito, na Cherotich alikuwa amebeba Keroka na Nyamira yote. Kisumu ilivuka ule ua mara nyingi hata ikachoka.

Halafu akaja paka.

Kemuma alimwokota Jumamosi moja akitoka kanisani, kijipaka cha kijivu kinatetemeka kwenye mfereji. Kwa kuwa ilikuwa siku ya Sabato, akamwita Sabato. Alimlea kwa uji na omena, dagaa wa ziwani, mpaka akawa dume la shingo nene. Na huyo Sabato alijifunza kitu ambacho hakufundishwa na mtu: kila jioni Kemuma aliporudi kutoka majanini, kuchuma chai, alimkuta ameketi juu ya jiwe la mlangoni, anatazama njia.

Asiyeishi peke yake hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mume wa Kemuma alikuwa kaburini. Nyakundi alikuwa Nairobi, barua yake ikija Krismasi pamoja na kalenda. Yunia, binti yake, aliolewa Ndanai, ana watoto wake. Kabla ya paka, Kemuma alikuwa akirudi akikuta kufuli inaning'inia vilevile alivyoiacha asubuhi, na kila siku ile kufuli ilimwambia neno lilelile. Sasa palikuwa na wa kumngoja.

Basi jioni moja akamwekea Sabato omena na ugali kama kawaida. Paka akanusa, akageuza uso kama mgeni aliyekwisha kula kwa watu. Kemuma akainama amtazame. Masharubu yake yalikuwa meupe kwa maziwa.

"Umekula wapi wewe?"

Sabato akajilamba mdomo.

Jumapili iliyofuata, siku ambayo hakuna kazi, Kemuma alikuwa amelala kidogo mchana, akasikia ng'ambo ya ua: "Kiprotich! Kiprotich, njoo!" Watoto wa Cherotich aliwajua wote kwa majina, na Kiprotich hakuwamo. Akaenda kwenye ule upenyo mdogo chini ya miti, akachungulia. Lo! Sabato wake huyo, mkia wima kama mshumaa, kichwa chote ndani ya bakuli la maziwa, na Cherotich amechuchumaa kando anamkuna mgongo.

Kama angempa maziwa tu, haya! Kula ni kula. Lakini jina? Kiprotich huitwa mtoto wa kiume anayezaliwa ng'ombe wanaporudi nyumbani. Akiwa wa kike, ni Cherotich. Yaani mwanamke huyu amempa paka wa watu jina lake mwenyewe, amemfanya ndugu yake wa tumbo moja!

"Mama Kipkemboi!" Kemuma akaita. "Huyo unayemlisha ana mwenyewe."

"Najua, Mama Nyakundi," Cherotich akajibu bila kushtuka. "Lakini simwiti mimi, anakuja mwenyewe. Na kwetu mgeni akifika saa ya kukamua hafukuzwi."

"Humwiti? Na huyo Kiprotich ni nani?"

"Ni jina la saa aliyokuja. Wewe ulimwita Sabato kwa nini?"

"Basi kwako anakula, kwangu anakuja kulala tu kama mpangaji!" Kemuma akasema, akaingia ndani.

Jioni ile Cherotich alitega kama kawaida. "Kitendawili!" Kemuma akamwaga maji ya vyombo kwa kishindo, akafunga mlango. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu ng'ambo hawakutega tena.

Huko majanini habari ilikuwa imemtangulia. Bilhah, aliyechuma mstari uliopakana na wake, alikuwa na ulimi usiojua likizo.

"Mama Nyakundi, nasikia paka wako ana dini mbili. Jumamosi Msabato, Jumapili yuko ng'ambo na wale wengine."

"Chuma chai yako, Bilhah."

"Nachuma. Lakini ubatizo wake ulikuwa wa maji au wa maziwa?"

Wanawake wakacheka mstari mzima. Kemuma akachuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na katika kila kichipukizi akaona bakuli jeupe.

Akajaribu kumfunga Sabato kwa kamba mguuni mwa kitanda. Paka akalia asubuhi hadi jioni, mpaka jirani wa namba ishirini na tatu akauliza kama kuna mgonjwa. Akamfungua. Hapo ndipo lilipomjia wazo la samaki. Maziwa ni nini mbele ya samaki? Pale njia panda mama mmoja alikuwa akikaanga samaki wa ziwani jioni. Kemuma akawa anapita hapo akitoka kazini, ananunua kipande, anakifunga kwa gazeti na kukificha chini kabisa ya kikapu chake cha kuchumia. Hakutaka watu wa laini waone na kuuliza ni sikukuu gani. Zaidi ya hao, hakutaka Cherotich aone. Alitaka maziwa yale yagande tu bakulini, mwenyewe ashangae.

Sabato alikula samaki, akajilamba, na kesho yake akaja tena na masharubu meupe. Sasa alikuwa na meza mbili.

Lakini kikohozi na samaki havifichiki. Siku ya nane, saa sita, wachumaji walipanga foleni kwenye mizani. Orina, karani wa kupima, alikuwa kijana wa mzaha ila kazini hakuchezewa. Kikapu cha Kemuma kilipofika, akatia mkono akatoa konzi ya majani, akanusa. Akanusa tena. Akamtazama Kemuma kama mtu aliyeona ng'ombe kanisani.

"Mama, haya umechuma wapi? Ziwani?"

Watu wakaangua kicheko. Orina akainamia kikapu chenyewe. Mafuta ya samaki yalikuwa yamepenya gazeti, yameingia katika fito, na jua la asubuhi lilikuwa limeyapika pamoja na majani.

"Mama yangu, chai ni kama mtoto mchanga, inashika kila kitu. Haya yakiingia kiwandani, huko ng'ambo wazungu watakunywa supu."

Nyapara akaitwa, naye akanusa. Akakuna kichwa. "Mama Kemuma, miaka sita sijawahi kukurudisha. Leo mwaga. Na uende uoshe kikapu kwa maji moto na majivu, nisikione tena leo."

Kemuma akamwaga kazi yake ya asubuhi nzima chini ya miti ya chai, mbele ya macho yote.

"Kwani samaki alikuwa wa nani?" Bilhah akauliza, safari hii kwa upole.

"Wa Sabato," Kemuma akasema, akaondoka.

Hakuwa amewahi kufika nyumbani mchana siku ya kazi. Jiwe la mlangoni lilikuwa tupu. Alijua lingekuwa tupu, lakini kujua si kuona. Akachemsha maji, akasugua kikapu kwa majivu mpaka vidole vikauma, akakianika juani. Na kila alivyosugua alizidi kumwona Cherotich, Cherotich aliyemnyang'anya paka, na sasa amemnyang'anya na jina lake zuri kwenye mizani.

Ilipofika saa tisa ng'ombe wakalia ng'ambo, na sauti ikaita, "Kiprotich!"

Kemuma akachukua kikapu kilichokuwa bado na unyevu, na gunia la kukifunikia. Leo angemtia humo, amlete nyumbani, na liwalo na liwe. Upenyo wa ua ulikuwa wa paka, si wa watu. Mtu lazima ashuke mpaka barabarani, azunguke kona, apande tena. Alifika kwa Cherotich akihema.

"Nimekuja kumchukua paka wangu."

Cherotich alikuwa akikamua. Hakusimama. "Mchukue, Mama Nyakundi. Lakini ngoja amalize, mtu haondolewi mezani. Keti hapo."

Kuna kigoda, na miguu imechoka. Kemuma akaketi. Sabato akaacha bakuli, akaja akanusa mikono yake, akailamba kidole kwa kidole, kisha akarudi kwenye maziwa.

"Mbona unanuka samaki?" Cherotich akauliza.

Kemuma alikuwa amebeba maneno makali tangu mizanini, lakini swali hilo likamkata. Akaeleza yote, samaki, gazeti, Orina na supu ya wazungu. Cherotich akacheka mpaka ng'ombe akasogea akataka kupiga ndoo teke. Kisha akaacha kukamua, akamgeukia.

"Mama Nyakundi, unanionea wivu mimi?"

"Nimwonee nani mwingine? Umebeba chakula chake, umebeba jina lake. Mimi umeniachia manyoya kitandani."

"Basi keti tu," Cherotich akasema. "Ngoja uone ninavyofanyiwa mimi kila siku."

Akamwongezea paka maziwa, yale ya mwisho yenye mafuta. Sabato akanywa nusu, akapanda mapajani mwa Kemuma, akajikunja, akaanza kunguruma. Kemuma akamshika kwa mikono miwili, akamtazama Cherotich. Macho yake yakauliza: umeona?

Saa kumi king'ora cha kiwanda kikalia, cha kuwatoa watu kazini.

Paka akainua kichwa. Akashuka mapajani, akapita bakuli bila kuligeukia, akapita juu ya miguu ya Kemuma mwenyewe, akaingia kwenye upenyo, akapotea.

"Anaenda wapi?" Kemuma akauliza.

"Chungulia."

Kemuma akapiga magoti penye upenyo. Sabato alikuwa ameketi juu ya jiwe la mlangoni, mkia umezunguka miguu, anatazama njia ya kutoka majanini.

"Kila siku ya kazi," Cherotich akasema nyuma yake. "Hata nikimwekea malai ya maziwa. King'ora kikilia ananiacha kama mtu aachavyo hospitali. Mimi nampa, wewe anakungoja. Hebu niambie, ni nani wa kumwonea mwenzake wivu?"

"Lakini mimi niko hapa!"

"Yeye anajua nini? Wewe kwake unatoka kule juu, majanini."

Kemuma akainuka, akapangusa magoti. Alijitwika kikapu kitupu mgongoni vile wachumaji wanavyokibeba, akashuka barabarani, akazunguka kona, lakini badala ya kuingia laini moja kwa moja akapanda kilima mpaka juu, penye mizani, akajiunga na wenzake waliokuwa wakiteremka.

"Wewe si ulirudishwa saa sita?" Bilhah akashangaa. "Unatoka wapi?"

"Natoka kazini," Kemuma akasema, akaendelea na safari.

Alipofika mwisho wa laini, Sabato akasimama juu ya jiwe, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akaja akijisugua kwenye pindo la sketi yake. Kemuma akakaa pale pale mlangoni muda mrefu kabla ya kufungua kufuli.

Jioni akatoka na sufuria zake. Akasugua ya kwanza. Akasugua ya pili.

"Kitendawili!" akaita.

Akasugua ya tatu. Halafu, "Tega!"

"Nimeketi naye, akaniacha, akaenda kuningoja."

Majani yakatikisika, kama mtu anayezuia kicheko. "Nimeshindwa kabisa, Mama Nyakundi. Lakini nikupe mji gani? Kericho unayo, Ndanai unayo, Boito ulichukua na mama yangu mzazi akiwa ndani."

"Sitaki mji. Mpe maziwa saa yake ile ile. Lakini umwite Sabato."

"Kiprotich."

"Sabato!"

"Kiprotich, nimesema."

Paka mwenyewe hakuitikia hili wala lile. Alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya kikapu, ananusa kona moja ambayo majivu hayakuifikia.