Buni za Kuombea Njia

Mumina alizunguka Kulesa, kijiji cha wakulima, asubuhi nzima na kibuyu chake cha buni, na hadi jua linasimama kichwani kibuyu kilikuwa kimejaa vilevile. Hilo lilimchanganya kuliko kiu ya ng'ombe wake, na ng'ombe wenyewe walikuwa wamebaki mifupa na macho.

Tangu zamani, mkulima akimfungia mfugaji malka, yaani njia ya kupeleka mifugo mtoni, mfugaji hukaanga buni za kahawa kwa samli akampelekea. Mkulima akitafuna hata punje moja, maneno yanaanza. Anasema mahindi yake yaliliwa na ng'ombe wa nani, anaombwa radhi, pengine anapewa mbuzi, na njia inafunguliwa. Akikataa, watu wanamkalia kitako mpaka alainike. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na wenye sauti kubwa waliwameza wenye sauti ndogo, lakini angalau ulijua umekosana na nani.

Kisha ukaja mradi. Mama wa Kizungu aliyeuleta hakuwa mtu mbaya. Mumina alimpenda, maana ndiye wa kwanza kuuliza mkutanoni mbona wanawake wamekaa nyuma kama mizigo. Griffin, mtu wa Golbanti aliyekuwa akimtafsiria, alieleza kwamba serikali ya kwao mama huyo inataka kila mtu aamue kwa moyo huru, bila kumwogopa mzee wala jirani. Likaletwa sanduku, likatundikwa pazia. Malka ibaki, au ifungwe ilimwe? Mumina aliingia nyuma ya pazia, akatia alama yake, akatoka anatembea kwa maringo. Hakukumbuka kwamba nusu ya watu wake walikuwa mbali na mifugo, wanafuata majani.

Sanduku likasema ifungwe. Mgeni akapiga picha, akasifu kura ilivyokuwa safi, akapanda gari lake. Kesho yake njia ikajazwa miiba.

Sasa ukame ulikuwa umekausha kila dimbwi, na Mumina akafanya alilofundishwa na mama yake. Alianza na nyumba ya kwanza. "Mimi? Mimi niliweka ibaki, haki ya Mungu," alisema mwenye nyumba, akaficha mikono nyuma asiziguse buni. Wa pili alisema hayo hayo. Mzee Komora, ambaye hajawahi kuachia buni ya mtu tangu apate meno, safari hii alisema tumbo linamsokota. Kijiji kizima kilimpigia Mumina kura, na njia bado ilikuwa imefungwa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba wanaogopa kibuyu. Atakayetafuna atakuwa amekiri kwamba aliweka ifungwe.

Akampigia Griffin simu.

"Ambia ile mama arudi. Mimi nakosa mtu ya kuomba."

"Mradi umefungwa, mama. Serikali ya kwao imegeuka, haitaki tena hizi kazi. Hata mimi niko nyumbani tu."

"Basi na kura imefungwa?"

Griffin alikohoa. "Hapana. Kura iko. Si unajua wanasema wengi wape?"

"Mimi nawapa. Lakini ni nani?"

Griffin alisema pole, akakata simu.

Nyumba moja tu Mumina hakuwa amebisha, ya Loise, ambaye shamba lake linapakana na malka. Mwaka ule wakulima na wafugaji walipochomeana nyumba, Loise alimficha Nuh, mtoto wa Mumina, chini ya mikeka yake. Mtu kama huyo humpelekei buni, ni kumtukana. Mumina alitaka kupita tu arudi kwa ng'ombe wake, lakini Loise alitoka, akakitazama kibuyu, akafuta mikono kwenye leso.

"Nipe."

"Hapana, abaayo. Hii si ya dada yangu. Hii ya wale walifunga."

"Nipe, Mumina."

Akamiminiwa kiganjani. Alitafuna polepole, macho chini, samli ikimchuruzika kidevuni. Kisha alichukua panga, akaenda kwenye malka, akaanza kuburuta miiba pembeni. Majirani walitoka mmoja mmoja wakasimama kutazama. Ng'ombe walinusa maji wakapita mbio.

Mumina alimsogelea. Moyo ulimuuma, na hakujua kama ni wa shukrani au wa hasira. Alikumbuka mahindi ya Loise yaliyokanyagwa msimu uliopita, ambayo Loise hakuyasema hata siku moja.

"Abaayo, ni wewe?"

"Ng'ombe wanywe kwanza," alisema Loise, akaendelea kuvuta miiba.

Nyuma yao Mzee Komora aliwageukia wenzake, tumbo lake limepona kabisa.

"Kumbe ni huyu," alisema, na wote wakaitikia kwa kichwa, kama watu waliotuliwa mzigo.

Mumina aligeuka awajibu. Lakini hata yeye hakujua kama ni huyu; akaweka kibuyu chini, akashika miiba pamoja na Loise.