Baba Kwenye Santuri ya Wajerumani

Khairunisa alikuwa kwenye kaunta ya hoteli, mtaa wa Al Rigga, ughaibuni, akimrudishia mgeni pasipoti, mgeni akaganda akiitazama beji yake.

"Famau," alisoma. "Hilo jina la nani?"

"La baba yangu, sir."

Mgeni huyo, mzee wa Kijerumani aitwaye Jürgen, akatoa simu na kumwonyesha jalada la santuri ya mwaka 1974. Vijana watano wenye nywele ndefu walisimama kwenye ngazi. Bendi yao, Graue Treppe, ilirekodi albamu hiyo moja tu, ikavunjika. Hata kwao hawakujulikana, alisema.

"Huyu mimi, nilipiga kinanda. Na huyu mpiga ngoma wetu, Famau. Baharia wa Mombasa, aliiacha meli Hamburg."

Khairunisa aliikuza picha. Pua ya baba. Masikio ya baba. Lakini baba yake, Maalim Famau, amesomesha chuo cha Kurani mtaa wa Kuze, Mombasa, kwa miaka arobaini, na nyumbani kwake hata kaseti ya taarabu haikuingia.

Akampigia.

"Shikamoo baba. Uliwahi kukaa Ujerumani?"

"Nani kakwambia?"

"Kuna mzee hapa, anaitwa Jürgen."

"Simjui." Simu ikakatwa.

Khairunisa alimwomba mgeni radhi. Labda ni Famau mwingine. Jürgen akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka ukumbini.

Baada ya dakika kumi baba alipiga tena, kwa video, amevaa kofia yake ya Ijumaa.

"Huyo mzee bado yupo?"

Wakazungumza Kijerumani. Khairunisa aliishika simu katikati yao asielewe hata neno. Jürgen alikuwa akipangusa macho. Baba alikuwa akigonga meza kwa vidole, haraka haraka, na mzee akicheka.

Walipomaliza, Khairunisa akauliza, "Baba, mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Nilikuwa kijana, kisha nikarudi."

"Mama anajua?"

"Wanafunzi wananingoja, mwanangu."

Jioni, ndani ya treni ya metro, aliusikiliza muziki ambao Jürgen alimtumia. Wimbo mmoja wa dakika kumi na nane, kinanda kikilia kama king'ora, hakuna kiitikio. Hakujua kama ni mzuri. Mahali fulani katikati vyombo vyote vikanyamaza, sauti ya kijana ikahesabu, "Moja, mbili, tatu," ikaangua kicheko.

Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Alishapita kituo chake.