Kosa la Kupangwa

Walimu walimwita Mama Faili, na jina lenyewe alilibeba bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kuwashika mkono walimu wanaotafuta cheti cha juu cha ualimu: kusoma maandishi yao, kutazama video ya somo, kukagua picha za madaftari ya wanafunzi, kisha kutia sahihi kwamba kila kilichomo ni cha kweli. Bila sahihi yake faili haliendi popote, hata mwalimu awe malaika.

Mchana ule, kwenye chumba cha walimu, alikuwa na faili la Nusu, na mwenyewe ameketi ng'ambo ya meza. Mzee huyu wa hesabu amekula chumvi nyingi. Alimfundisha hata Mama Faili mwenyewe alipokuwa darasa la tano. Jina la Nusu alilipata kwa sababu mtoto akikosa jibu, lakini njia aliyopita ni yake mwenyewe, humpa nusu alama. Ukinakili jibu sahihi kutoka kwa mwenzako, sifuri. Mama Faili aliwahi kuila sifuri hiyo, akalia mpaka kwao.

Sasa Nusu mwenyewe alikuwa ameanguka mara mbili kwenye cheti hicho. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Asipopita atatolewa darasani, apelekwe stoo kugawa vitabu mpaka astaafu, na kumtoa mzee yule ubaoni ni kumuua akiwa hai, wala sikuzi mambo. Faili lilitakiwa litumwe kabla ya saa kumi.

Video ilikuwa tamu. Nusu anauliza robo ukijumlisha na theluthi unapata ngapi. Msichana mwembamba wa dawati la mbele anasimama, anasema mbili ya saba. Darasa linacheka. Nusu hacheki; anachora duara, anamuuliza hiki, anamuuliza kile, mpaka mtoto anafika mwenyewe kwenye saba ya kumi na mbili. Wasahihishaji wa cheti walitaka hichohicho: mtoto akosee, mwalimu amtoe kwenye kosa bila kumpa jibu. Mama Faili alitabasamu peke yake.

Akageukia picha za madaftari. La yule msichana lilikuwa la kwanza. Swali lilelile, jibu sahihi, tiki nyekundu ya Nusu, na tarehe ya siku moja kabla ya video. Akaisoma tarehe mara ya pili.

"Mwalimu," alisema taratibu, maana hata yeye na mvi zake hakuweza kumwita mzee vingine, "huyu mtoto alikuwa anajua."

Nusu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Anajua kuliko wote. Ndiyo maana nikamchagua. Wale wanaokosea kweli, wakiona kamera wanatulia kama maji mtungini."

"Ukamwambia akosee?"

"Wewe uliniambia, mwanangu. Hapahapa. Ulisema nimefeli kwa sababu darasani kwangu haonekani anayekosea. Ukasema, 'Nitafutie kosa zuri.' Nikalitafuta."

Lo, kweli alisema. Alisema huku anakunywa chai, mbio mbio, mafaili mengine matano yanamsubiri, na akajiona mjanja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ni picha moja tu," Nusu alisema bila kumtazama. "Weka daftari la mwingine. Sijawahi kukuomba kitu."

Hakuwahi. Mama Faili aliichomoa ile picha, akailaza kifudifudi, akavuta fomu ya kutia sahihi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Hodi ikapigwa. Aliingia msichana yuleyule wa kwenye video, amekumbatia rundo la madaftari. Akaamkia wote wawili, akayapanga mezani, kisha hakuondoka.

"Una nini, mjukuu wangu?" Nusu aliuliza.

"Mwalimu, kipindi cha leo nikosee tena?" Hakuwa analaumu, alitaka tu kujua afanyeje. "Maana wenzangu wananiita Mbili ya Saba. Lakini kama bado unahitaji, nitakosea."

Nusu alivaa tena miwani yake.

"Usikosee," mzee alisema. "Leo utasimama ubaoni ufanye kama unavyojua. Na mimi nitawaambia wenzako aliyekosea ni nani."

Mtoto alipotoka, Nusu aliivuta fomu kutoka chini ya mkono wa Mama Faili, na kalamu ikaburuza mstari mrefu kwenye karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Nipe sifuri yangu," alisema.

"Mwalimu, kosa ni letu sote wawili."

"Basi na wewe chukua yako."

Akabeba boksi la chaki, akaenda kufundisha. Mama Faili alibaki kwenye kiti, mtu mzima na watoto wake, analia kama alivyolia darasa la tano.